Jiwe la Mwalimu Mbele ya Mfereji

Mwalimu,

Ni mimi Okumu. Nasema mapema kwa sababu hapa Kaloleni kila mtu ananiita Kapteni, na wewe peke yako ndiye uliyekataa. Ulisema mtu aliyekuwa akikaanga samaki jikoni mwa meli hawezi kuitwa kapteni, hata kama alikaanga kutoka hapa mpaka Mwanza, akapitia Port Bell, akarudi. Sawa. Leo nitakuwa Okumu, kwa sababu nina jambo la kukiri, na Kapteni huwa hakiri mambo.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Sikuandika mapema kwa kuwa barua nilizozizoea zilikuwa za kina dada wa Bukoba, na hizo hazikuhitaji ukweli mwingi.

Habari za hapa ni hizi. Nyumba yako imechukuliwa na kijana mwenye baiskeli, anabeba watu kwa kiti cha nyuma. Mlango ameupaka kijani. Redio yako ninayo mimi, lakini haishiki tena zile stesheni zako za ng'ambo. Inakoroma tu, nami naiacha ikorome. Meli yangu imefungwa kamba gatini. Tuliambiwa twende nyumbani tukajitegemee, kwa sababu sasa ni soko huria. Mwalimu, mimi nimeona dunia, nchi tatu kwa macho haya, lakini sikuwahi kuona huria inayomfungia mtu nje ya jiko lake. Sasa nakaanga samaki wa mbuta kando ya barabara. Wateja wanasema hakuna anayenifikia mjini hapa. Ni kweli.

Mfereji ni ule ule. Ziwa lote limelala pale mbele yetu, karibu ulitemee mate ukiwa kitandani, na mfereji wetu unakohoa saa mbili tu kila asubuhi, kisha unanyamaza. Na mawe yako bado yapo. Ni juu ya hayo mawe nataka tuongee.

Unakumbuka tulivyokuwa kabla ya mawe? Aliyechota ni mwenye mabavu. Mama Achieng, yule mjane wa mlango wa pili kutoka kwako, alipigwa kiwiko mpaka jino likatoka, na aliyempiga akajitetea kwamba jino lenyewe lilikuwa bovu. Siku hiyo ndiyo ulitoka na kopo la rangi nyeupe, ile uliyokuwa umeiweka ya madirisha, ukaamuru kila nyumba ilete jiwe moja. Ukaandika majina kwa ule mkono wako wa ubaoni. Anayeamka kwanza analaza jiwe lake mbele, anayefuata analaza nyuma yake, kisha mtu anarudi kupika uji wake. Jiwe linamsimamia. Zamu yake ikifika ni mitungi miwili, basi.

Mimi nilileta jiwe kubwa kama mbuzi wa Krismasi. Nilidhani litapewa heshima yake. Ukaniambia mbele ya wanawake wote, "Okumu, hapa hatupimi uzito. Nilikurudisha darasa la tano mara mbili, na bado hesabu ya moja inakushinda." Walicheka mpaka mtungi wa mtu ukapinduka. Nikaenda nikatafuta dogo.

"Mtu mmoja, jiwe moja." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako. Jiwe halina kabila, halina mjomba wizarani, halijui nani ni mrembo. Na jioni, redio ikiwa magotini, ulitueleza kwamba dunia nzima inaelekea huko: sheria moja isiyotazama mtu usoni, na kila mtu na sauti yake. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo, Mwalimu, ndiyo kabisa, kwa sababu ulikuwa na chai.

Kisha ukaja ule mwaka wa kura ya mlolongo, themanini na nane. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Unasimama mchana nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, majirani wote wanakuona, mnahesabiwa kama ng'ombe wa kuogeshwa dawa. Wengi walinung'unika. Wewe ulifurahi! Hilo sijalisahau. Ulisema laini ni laini, iwe ya mfereji au ya kura, haiwezi kudanganya kwa kuwa kila mtu ana macho. Ukakubali hata kuwa mmoja wa wahesabuji.

Mimi nilisimama kwa laini fupi. Walikuwa wametupa sukari kilo mbili na kofia. Tulikuwa wachache hata tukajuana kwa majina, na ile nyingine ilizunguka uwanja wote wa shule ikatokea langoni. Ukahesabu. Ukahesabu tena. Ukaandika. Na jioni ikatangazwa kwamba tumeshinda sisi. Nilishangazwa na ushindi wangu mwenyewe. Jamaa aliyekuwa mbele yangu akageuka, "Omera, kwani tulikuwa wangapi?" Nikamwambia, "Tulikuwa wengi moyoni."

Wewe hukucheka. Ulirudi, ukapita mlango wako, ukaenda mpaka mfereji ambako mawe yalikuwa yamelala, ukayahesabu. Mara mbili. Yalikuwa yale yale. Kisha ukakaa juu ya langu, labda kwa sababu lilikuwa karibu. Nikakuletea chai, nikaitia ile sukari. Ulikunywa yote bila kuuliza imetoka wapi, nami sikukuambia. Ulisema neno moja tu: "Laini haina makosa, Okumu. Makosa ni ya aliyesimama nje ya laini akaisogeza."

Tangu hapo ukawa mgumu. Hakuna jiwe kusogea, kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Na ndipo binti ya Mama Achieng akarudi kutoka Nairobi. Alirudi amekonda, na ule ugonjwa ambao wakati huo hatukuutaja; tulisema tu anaumwa. Shuka zilifuliwa mara nne kwa siku. Mitungi miwili kwake ilikuwa kama mate. Mama Achieng akaja mlangoni kwako, leso ameikunja mkononi, akaomba jiwe la pili, au kama haiwezekani, basi jiwe lake litangulie mpaka msichana apate nafuu. Ulimjibu kwa upole, lakini ulimjibu. "Mama, tukianza na huruma tutamaliza na mjomba. Leo ni binti yako, na ni kweli. Kesho ni shangazi ya chifu, na si kweli, na sitakuwa na neno la kumzuia."

Akasema, "Sawa, Mwalimu." Akaondoka.

Nilikukasirikia siku ile. Nilikuletea mambo ya meli, kama kawaida yangu. Nikakuambia meli ikitoboka hatugawani ndoo moja kwa kila mtu. Wote tunakimbilia penye tundu. Ukaniuliza, "Na anayesema tundu liko wapi ni nani?" Nikasema ni kapteni. Ukasema, "Basi. Makapteni nimeshawaona wakihesabu." Nilikuwa na matusi tu, nikayatumia.

Kitu ambacho sikukijua, Mama Achieng mwenyewe aliniambia baada ya wewe kufa. Kila asubuhi ulichota mitungi yako miwili, ukapeleka mmoja mlangoni kwake. "Huu ni wangu, si wa laini," ulimwambia. Kumbe ndiyo maana kola zako zilianza kuwa na mstari, wewe uliyekuwa ukitukagua shingo kila Jumatatu. Mimi nilikuwa nimewaambia watu umekuwa mvivu wa kufua. Hilo pia lihesabu kati ya mambo ninayokiri, lakini si lenyewe.

Msichana alikufa hata hivyo, wakati wa mvua. Tulimpeleka kwao Kano, barabara ya Ahero ikiwa chini ya maji, tukavusha jeneza mabegani. Wewe ulishika mbele, upande wa kushoto, suruali imelowa mpaka mapajani.

Vyama vingi vilipokuja na sanduku likarudi, uliinunulia laini nzima soda. Furaha ile haikukaa. Watu waliliendea sanduku kila mmoja amejifunika kabila lake kama mwavuli. Huko Bonde la Ufa jirani akamchomea jirani nyumba. Unga nao ukapata uhuru, uhuru wa kupanda. Ukaizima redio. Hukuizima kwa hasira. Uliizima kama msomaji aliyefika mwisho wa kitabu akakuta kurasa zimeng'olewa.

Kisha ukaanguka, na sasa ndiyo nakiri.

Lilikuwa tumbo, na tumbo linataka maji. Watoto wako walikuwa mbali. Pesa walituma, lakini maji hayatumwi kwa posta. Mimi ndiye niliyekuwa nikikulazia jiwe na kukuchotea. Nilikuambia, "Mwalimu, acha nikuweke mbele, hakuna atakayesema neno." Ulikuwa huna nguvu ya kuinua kikombe, lakini ulinikamata mkono ukaniuliza kama nataka kukufanya shangazi ya chifu. Nikaapa sitagusa kitu.

Niligusa, Mwalimu. Asubuhi iliyofuata jiwe lako lilikuwa la kumi na mbili, mfereji ulikuwa unakohoa, na nilijua maji yatakatika kabla hatujafika. Nikaliinua. Nikasimama nalo katikati ya laini kama mwizi wa kuku aliyewashiwa taa. Wote waliniona.

Mama Achieng alikuwa wa kwanza siku hiyo. Alinitazama. Akalitazama jiwe mikononi mwangu, akasoma jina. Kisha akainama, akaokota jiwe lake, akalipeleka nyuma kabisa, nyuma ya mtu wa mwisho. Mwanamke yule ambaye ulimkatalia. Wa pili akasogea. Wa tatu akaguna, akasema yawa, mimi nachelewa kazini, lakini akasogea. Nikaliweka jiwe lako mbele.

Ilikuwa hivyo kila siku mpaka mwisho. Na kila siku nilikuletea maji na uongo. Ukiuliza mbona nimerudi haraka, nilisema leo laini ni fupi, watu wamekwenda mazishi Ahero. Kesho yake mazishi Ahero. Kesho kutwa, Ahero tena, mtu na shemeji yake. Nilikuwa nimeshika mji mmoja nikaumaliza. Siku moja ukasema, macho umeyafumba, "Watu wa Ahero wanakufa sana mwaka huu." Nikasema ni mafuriko, Mwalimu. Ukasema, "Mm."

Na ile asubuhi ya mwisho, nikiwa nashika mlango nitoke na mitungi, ukaniita. Ukasema, "Okumu, wasalimie watu wa Ahero."

Kwa hiyo sijui kama ninakiri kwa mtu asiyejua. Ila nimelibeba, na nimelitua.

Ulipokwisha kufa, mambo yaliharibika kidogo. Vijana walianza kuchota bila mawe, wakasema mwenye mawe amekufa. Ndipo Mama Achieng akalichukua jiwe lako, akalilaza la kwanza kabisa, akatangaza: hili halina mwenyewe, kwa hiyo ni la yeyote mwenye mgonjwa ndani. Atachota kwa jina la Mwalimu, mbele ya wote. Nikafikiri moyoni, haya, sasa mjomba anakuja.

Akaja, na hakuchukua hata wiki. Unamkumbuka Otis, yule kapera wa nyumba ya mwisho mwenye viatu vyeupe? Akachota kwa jiwe lako akisema nyanya yake amekuja kutoka kijijini, yuko hali mbaya. Mimi nilijua nyanya yake alikufa. Kwa hesabu yangu alikuwa ameshakufa mara tatu, kila Otis alipotaka ruhusa ya kazi. Lakini nilinyamaza, nione. Mchana wake Mama Achieng akakusanya wanawake sita, wakapika uji wa wimbi sufuria nzima, wakaenda kumpa pole nyanya. Wakabisha hodi. Otis akafungua amevaa shuka kiunoni, anakaanga mayai. Mama Achieng akamwambia, "Mwanangu, tumekuja kumwona mgonjwa." Akasema amelala. "Tutamngoja." Wakakaa. Waliimba nyimbo za kanisa mpaka jioni, Mwalimu. Uji wote alikunywa yeye, kikombe baada ya kikombe, wao wakimwambia, "Mpelekee nyanya, rudi na kikombe." Kesho yake alikuwa wa mwisho kwenye laini na jiwe lake mwenyewe.

Sasa hiyo ndiyo sheria, ingawa hatukuiandika: ukitumia jiwe la Mwalimu, tutakuja kukupa pole. Mwenye mgonjwa anafurahi tukija. Mjomba hataki wageni.

Nimefikiri sana nikiwa kwa karai langu la mafuta, na wewe unajua kufikiri kwangu ni kama Kiingereza changu, kunakuja kwa msimu. Kule uwanjani, aliyeisogeza laini hakuwa ndani yake. Yeye hakupoteza nafasi, tulipoteza sisi. Kwa mfereji, aliyesogeza ndiye aliyerudi nyuma. Huruma ninayoiamini sasa ni hiyo, ile inayomgharimu anayeitoa. Na hata hilo silidai kama langu. Ulikuwa ukilifanya kila asubuhi na mtungi wako mmoja, huku mdomoni ukisema jingine.

Lakini usifikiri nimekushinda. Mwaka huu alihamia hapa mama mmoja na watoto watatu, amekimbia moto wa Bonde la Ufa. Si wa kabila letu. Alikuja kwa mfereji na mtungi wake, na laini yetu hiyo hiyo yenye huruma, iliyokupisha mbele, ikageuka ukuta. "Hana jiwe." "Hawa ndio waliotuchomea." Yeye ndiye aliyechomewa, lakini nani alikuwa anasikiliza? Hata Mama Achieng alitazama chini. Nikaona kwamba huruma yetu inapenda sura inayoijua.

Nikaenda nikaleta jiwe. Lile langu la kwanza, kubwa kama mbuzi, nilikuwa nimelifanya kiti. Nikaleta rangi, nikamuuliza jina, nikaliandika, na mkono wangu si kama wako, herufi moja imelala chali. Nikalilaza nyuma ya la mwisho. Nikawaambia, "Mtu mmoja, jiwe moja. Anayejua kabila la hili jiwe alilambe atuambie." Wakacheka, shingo upande. Siku ya pili hawakucheka, walichota tu. Wiki ya nne mtoto wake mdogo akashikwa na malaria, yule mama akatumia jiwe lako, na wanawake wakaenda na uji.

Kwa hiyo ulikuwa na haki, na Mama Achieng alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na mdomo. Hatujamaliza. Siku wagonjwa wakiwa wawili kuna kelele ya ajabu. Wapo wanaotaka mawe yote yatupwe, kila mtu ajipiganie, wanasema ndiyo mambo ya kisasa. Mpaka leo hawajashinda.

Nakuahidi mambo mawili. Jina lako nitalipaka upya kila baada ya mvua kubwa, na nitalipaka taratibu. Na siku mtu kutoka nje ya laini, hata awe na gari na kofia, akija kutuambia nani awe wa mbele, mimi nitakuwa nimekaa juu ya jiwe lako, na ataninyanyua na uzito wangu wote, ambao umeongezeka.

Barua hii naikunja niiweke chini yake. Italowa, lakini nadhani utaisoma kabla maji ya mfereji hayajaifikia.

Nisamehe kwa sukari. Na nisamehe kwa hili jingine: ulikataa kutangulia hata hatua moja, na sasa wewe ndiye wa kwanza kila asubuhi, hata siku ambazo hakuna mgonjwa. Siku hizo jiwe lako linakaa tu pale mbele, halichoti, na sisi tunalizunguka na mitungi yetu.

Oriti, Mwalimu, kwaheri. Wasalimie watu wa Ahero.

Okumu,
wa darasa la tano, mara mbili